Kigoda cha Mama Kivuko: Bi. Biubwa Abdulkadiri Aaga Mto Ruvubu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Biubwa Abdulkadiri, nahodha wa kivuko cha Mugerera, alistaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu. Katika miaka yote hiyo hakuomba uhamisho hata mara moja, wala sisi wa karakana hatukuwahi kumsikia akisema amechoka. Alichokuwa akisema ni kwamba sisi ndio tuliochoka. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Pius, fundi wake wa injini, niandike maneno machache kumhusu. Maneno machache kuhusu mama huyu hayapo, lakini nitajitahidi.

Kwa wasiowahi kufika, Mugerera ni kisiwa kidogo katikati ya mto Ruvubu, ng'ambo ya kijiji cha Murukulazo, kabla mto haujakutana na Kagera na kuteremka kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Kina vitongoji viwili, shule ya msingi, kigango cha Wakatoliki, migomba mpaka basi, na barabara moja ya udongo inayoanzia gatini na kuishia kigangoni. Mtandao wa simu kisiwani haushiki, milima imeuziba. Unashika katikati ya mto tu, mahali padogo ambapo kila mvukaji anapajua. Kivuko kikifika hapo, simu zote hulia kwa pamoja, na watu huanza kusoma habari za misiba, za harusi na za bei ya maharage soko la Kabanga. Mgeni akiona hivyo hudhani ameingia kwenye karakana ya saa.

Bi. Biubwa si mtu wa mto. Alizaliwa Ngara mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu yao alitoka Pangani akiwa na mizigo ya khanga, akaona ubaridi wa Ngara, akauza khanga zote na blanketi lake mwenyewe, akabaki. Baba yake, marehemu mzee Abdulkadiri, alitaka binti yake akae dukani apime vitambaa. Binti akaenda kuomba kazi ya kukata tiketi kwenye pantoni mpya ya Mugerera. Mzee aliuliza, hivi mtoto wa kike anatafuta nini mtoni? Jibu alilopewa hatulijui, ila tunajua kwamba Jumatatu iliyofuata binti alikuwa gatini, kajifunga kilemba, tiketi mkononi.

Kabla ya pantoni hiyo, kisiwa kilivushwa kwa mitumbwi. Mgonjwa alibebwa kwa machela na majirani zake hadi ukingoni, na hapo machela ikakwama, kwa sababu mtumbwi ulikuwa mwembamba. Ikabidi mgonjwa akalishwe wima na kushikiliwa na watu wawili, huku viboko wakitazama. Mama Adelfina Ntakirutimana, mkulima wa kahawa wa kitongoji cha juu, alivushwa hivyo akiwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Viboko waliibuka, mtumbwi ukarudi, na walipopata njia tena ilikuwa jioni. Mtoto yule hakuishi. Naliandika hili kwenye sherehe kwa sababu bila hili huwezi kuelewa yanayofuata.

Pantoni ilipowekwa ilikuwa ya mabati na mapipa, imening'inizwa kwa roda kwenye waya mnene uliovuka mto toka ukingo hadi ukingo. Ilivutwa kwa mikono. Mvutaji anashika kibao chenye mfuo, anakibana kwenye waya, anavuta, anaachia, anabana tena. Vibarua wanne waliajiriwa kwa kazi hiyo. Siku ya kwanza walitokea wawili tu, na watu wamejaa gatini na mizigo yao. Karani wa tiketi, ndiye Bi. Biubwa, akashika kiuno. Hapo ndipo Mama Adelfina alipotua tenga lake la ndizi, akachukua kibao bila kuombwa, akaanza kuvuta. Mwingine akamfuata, na mwingine. Pantoni ikaondoka kama vile imesukumwa na upepo.

Karani aliona, akatunga sheria palepale. Kila mwenye mikono anavuta. Waliosamehewa ni wagonjwa wa machela, wajawazito, wenye watoto wachanga na bi harusi. Wengine wote, awe mwalimu, mganga au mkubwa wa wilaya, kibao hiki hapa. Mradi uliozileta pantoni hizi ulipokufa na vibarua wakakoma kulipwa, vivuko vingine vya aina ile vilisimama. Cha Mugerera hakikusimama hata siku moja, kwa kuwa hakikuwa kinawategemea vibarua.

Sheria hiyo imemletea vituko vingi. Padri mmoja mgeni aliyekuja kusomesha misa alimweleza kwa upole kwamba mikono yake ilipakwa mafuta matakatifu. Bi. Biubwa, ambaye hakosi swala, alimjibu kwa upole uleule kwamba hiyo ndiyo mikono aliyokuwa akiitafuta, maana siku hiyo mto ulikuwa umejaa. Padri akacheka, akakunja mikono ya kanzu, akavuta. Tangu hapo kila akija anashika kibao kabla ya kusalimia. Kwenye lugha nako Bi. Biubwa hakubaki nyuma. Alijifunza Kihangaza mpaka akawa anakitumia kuamrisha, na kivuko kinapokaribia gati kila mtu anajua neno linalokuja. Akisema "buhoro", taratibu, hata mbuzi waliomo ndani hutulia.

Sasa nieleze kuhusu kigoda, maana ndicho kilichobeba kichwa cha habari hii. Mugerera wana desturi yao. Bi harusi anayevushwa kwenda kwa mumewe huketishwa kwenye kigoda katikati ya pantoni, amefunikwa, kauelekezea mgongo waya na wavutaji, uso upande wa kule mto unakoshukia. Haruhusiwi kugusa kibao wala kuwatazama wanaovuta. Wanasema bibi anayeingia kwake akifanya kazi hatapumzika maisha yake yote. Bi. Biubwa alikitunza kigoda hicho chini ya benchi lake, akikipaka mafuta ya mawese kila msimu wa harusi. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia. Aliolewa mjini, kwa gari, na mzee wetu Muksini, wakala wa forodha Rusumo. Watu wa kisiwani walimwambia kwa utani kwamba ndiyo maana hapumziki. Mzee Muksini naye alisema hadharani, kwenye arusi ya mwanawe, kwamba ameishi miaka yote hii akiwa mke mdogo, mke mkubwa ni kivuko.

Watu wa kisiwani walimpa jina la Mama Kivuko, na lilimpendeza kuliko cheo chochote. Vyeo navyo vilikuja. Toka karani akawa msimamizi, toka msimamizi akapelekwa kozi akarudi nahodha. Gati la mawe unaloliona leo alilisimamia yeye. Kalvati zote za barabara ya kisiwa zilivuka juu ya pantoni yake, moja moja, na kila moja ilipovuka alikuwa akiisemesha kama mgonjwa.

Barabara ilipokamilika, kisiwa kikapata pikipiki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya katekista Anatoli, aliyopewa na waumini. Ya pili ilikuwa ya Diane Ishimwe, binti wa mwisho wa Mama Adelfina, aliyetoka kukaa kwa shangazi yake ng'ambo ya Rusumo, upande wa Rwanda, akajifunzia huko kuendesha. Msomaji ameshajua kinachokuja. Huko wanaendesha kulia, huku kwetu kushoto. Pikipiki mbili tu katika kisiwa kizima, barabara moja, mchana kweupe, na zikagongana uso kwa uso, kila mmoja akiwa amesimamia haki yake. Hakuna aliyeumia zaidi ya katekista kuvunja miwani na Diane kuchubuka goti. Ila kesi ilikuwa nzito, maana wazee waliokaa kuisikiliza nao waligawanyika, nusu wana ndugu Burundi na Rwanda, nusu hawana. Bi. Biubwa aliimaliza kwa kupanga mawe yaliyopakwa chokaa katikati ya barabara, toka gatini hadi kigangoni, na kuwatembeza wote wawili kwa miguu, kila mmoja upande wake wa kushoto, mpaka jioni.

Lakini jicho lake lilikuwa limeona kitu kingine. Wakati wazee wanabishana, Diane alikuwa amechuchumaa pembeni, ananyoosha uma wa pikipiki ya katekista kwa jiwe na bomba la chuma. Kesho yake Bi. Biubwa alimpelekea ujumbe Mama Adelfina kwamba anamtaka yule binti gatini.

Ilikuwa mwaka uleule tulipofunga injini kwenye kivuko kipya cha chuma. Waya tuliuacha, ukishika kivuko kisichukuliwe na maji, na injini ikawa inakisukuma toka ubavuni. Siku ya uzinduzi walikuja wageni wa heshima, wakapangiwa viti vya plastiki mbele. Niliwasha injini, nikajipongeza. Kumbe hakuna aliyewaambia abiria kwamba sasa kazi yao ni kusimama tu. Kivuko kilipoanza kwenda, kila mwenye mikono alitafuta kibao chake, akabana waya, akavuta, kwa nguvu zote, kwa heshima ya wageni. Injini inasukuma, watu wanavuta. Sijawahi kuona chombo kikienda namna ile. Nilizima injini nikiwa nimechelewa sana. Tuligonga gati, na viti vyote vya mbele viliteleza na wageni wake mpaka kwenye matenga ya nyanya. Mkuu wa msafara alisimama na nyanya begani, akasema ameridhika na kasi. Bi. Biubwa alijificha nyuma ya chumba cha injini akicheka mpaka machozi, na mimi ndiye niliyeambiwa niandike maelezo.

Pamoja na hayo hakuviondoa vibao. Alivitundika ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake, na injini ilipogoma, nami nakiri ilikuwa inagoma, watu walivishusha na kuvuka. Mgonjwa wa machela hakusubiri spea kutoka Mwanza. Kwa hilo peke yake mama huyu anastahili kuandikwa.

Basi, furaha hii yote karibu igeuke matanga mwaka jana. Kivuko chenye injini, kwa kanuni, hakiendi bila nahodha mwenye cheti, na aliyekuwa nacho ni mmoja, naye alikuwa anakaribia kustaafu. Nafasi ilitangazwa mara tatu. Waliokuja waliangalia kisiwa, wakaangalia simu zao hazina mtandao, wakarudi walikotoka. Ofisi yetu ikatoa uamuzi: asipopatikana nahodha kufikia tarehe 30 Juni, kivuko kitahamishiwa kwingine kunakokihitaji. Mugerera ingerudi kwenye mitumbwi. Siku tuliyowasomea wananchi tangazo lile, Mama Adelfina aliondoka kabla hatujamaliza. Alikwenda akakaa kwenye jiwe la gati, akawa anautazama mto. Bi. Biubwa alimfuata akakaa naye, na mimi nikaona ni vizuri nijifanye nina kazi kwenye injini.

Diane alipelekwa Mwanza kufanya mtihani. Kwa miaka aliyokaa na Bi. Biubwa alikuwa ameijua kazi kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Nadharia alipata vizuri. Vitendo vikafanyikia ziwani, kwenye boti isiyo na waya, maji pande zote. Mtahini akamwambia aondoe chombo gatini kwa usalama. Diane akageukia abiria, waliokuwa watahiniwa wenzake, akawaamrisha kwa sauti ya Bi. Biubwa mwenyewe washike vibao. Watu wakatazamana. Akarudia, kwa ukali zaidi. Halafu akakumbuka alipo, akachanganyikiwa, akaipeleka boti kwenye matete. Alianguka mtihani.

Aliporudi alisimulia huku analia, na Bi. Biubwa, Mungu amsamehe, alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu marudio yalikuwa Juni, na baada ya hapo hapakuwa na marudio mengine. Aliomba likizo yake ya mwisho. Wengine likizo ya mwisho huenda kujenga ukuta wa nyumba, yeye aliitumia kwenda Mwanza na mwanafunzi wake, nami nikachukuliwa kubeba mizigo. Huko ndiko nilikogundua siri moja: mama aliyevusha watu maisha yake yote aliliogopa ziwa vibaya mno. Kila asubuhi alipanda boti ya kukodi na Diane, akashika ukingo kwa mikono miwili, macho kayafumba, akawa anamwelekeza hivyohivyo amefumba. Alitapika kila siku. Kila siku alirudi kupanda. Nilimwambia akae hotelini, sisi tutaendelea. Akaniuliza kama nimewahi kukalishwa wima ndani ya mtumbwi nikiwa na uchungu wa kuzaa.

Mtihani ukafanyika, tukarudi, tukasubiri. Matokeo yangekuja kwa simu, na simu, kama nilivyosema, inashika mahali pamoja tu. Wiki ile ya mwisho ya Juni kivuko kilijaa kupita kiasi. Watu walivuka kwenda Murukulazo bila shida yoyote na kurudi bila chochote mkononi, wote wakiwa na hamu ya kupita pale katikati. Katekista Anatoli alivuka na miwani yake mipya kutwa nzima. Kila simu zilipolia, macho yote yalimgeukia Diane, naye akatikisa kichwa, na watu wakarudi kutazama maji.

Alhamisi, tukiwa tunarudi kisiwani na magunia ya saruji ya shule, simu zililia. Diane aliisoma ya kwake, akaisoma tena. Alimpa simu Bi. Biubwa. Bi. Biubwa aliitazama, akavaa miwani, akaitazama upya, kisha akavua kofia yake ya unahodha na kumvika yule binti, kichwani, juu ya rasta zake. Sitaeleza makelele yaliyofuata. Mbuzi mmoja aliruka mtoni, tukamwokoa. Mama Adelfina alikuwa gatini anasubiri. Hakuwa na simu, lakini aliiona kofia toka mbali, akapiga magoti kwenye mawe.

Tarehe 30 Juni, kivuko cha mwisho cha Bi. Biubwa kiliondoka Murukulazo saa za alasiri, kimejaa watu wa kisiwa waliokuja kumchukua kwenda kwenye sherehe. Mzee Muksini alikuwepo, na kanzu yake ya Idi. Nilikwenda kuwasha injini, nahodha mpya akaniambia niiache. Watu wakashusha vibao ukutani. Bi. Biubwa naye, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua cha kwake kwenye msumari wa kwanza. Hakikuwepo. Mama Adelfina alikuwa nacho. Na katikati ya kivuko, mahali pake palepale, kilikuwa kimewekwa kigoda, kimepakwa mafuta ya mawese kinang'aa.

Alikataa. Alisema yeye ana mikono na sheria inajulikana. Alisema yeye si bi harusi, ni bibi wa wajukuu, wasimchekeshe. Kivuko hakikuondoka. Tulisimama wote na vibao vyetu, kama yeye alivyokuwa akitusimamisha sisi tulipokuwa wabishi. Mwishowe Diane alimwendea, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye nahodha. Kaa, tuondoke."

Akasema marahaba, akakaa. Mzee Muksini alimfunika khanga mabegani. Aliketi kama wanavyoketi maharusi, mgongo kwenye waya, uso kule mto unakoshukia, nasi nyuma yake tukaanza kuvuta. Miaka thelathini na mitatu macho ya mama huyu yalikuwa kwenye waya, kwenye roda, kwenye gati, kwenye mikono ya watu. Upande ule mwingine hakuwahi kupata nafasi ya kuutazama. Jua lilikuwa linauangaza mto mpaka kwenye kona, mafunjo yamejipanga kushoto na kulia, korongo wawili wanatembea kwenye maji ya pembeni bila haraka, na kule mbele milima ya Rwanda, mmoja nyuma ya mwingine. Tulifika katikati, simu zikalia, na hakuna aliyeitoa ya kwake mfukoni.

Ndipo akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wote tulisikia, "Kumbe ni pazuri hivi."

Wavutaji tuliharibu mapigo, kila mtu akavuta kwa wakati wake, kivuko kikayumba. Tulikuwa tunalia, tuseme kweli, na mimi nilikuwa wa kwanza. Diane ndiye aliyetuweka sawa. Tulipokaribia gati alisema "buhoro", na tukafika taratibu kuliko siku yoyote niliyowahi kufika.

Ahsante, Bi. Biubwa, kwa niaba ya karakana, ofisi na kila aliyevuka salama bila kujua jina lako. Ahsante kwa wagonjwa waliofika wamelala, kwa saruji ya shule, kwa mawe ya chokaa, na kwa nyanya zile ambazo bado nadaiwa maelezo yake. Mungu akupe afya, na akupe muda wa kumzoea mzee Muksini, ambaye sasa amepandishwa cheo kuwa mke mkubwa. Mto uko palepale, nenda ukautazame upande ule uliokuwa umeupa mgongo. Ila tuelewane mapema: kigoda kilikuwa cha siku ile moja. Kibao chako tumekirudisha kwenye msumari wa kwanza, na ukija kututembelea, utavuta kama watu wote.